Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Barabara ya kijijini ijengwe pamoja na usalama wake

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),

Salaam kutoka mkoani Iringa. Nakuandikia nikiwa mzazi ambaye watoto wake huenda shule kwa miguu, kwenye barabara ya changarawe inayopita fuso za mbao, bodaboda na ng'ombe kwa wakati mmoja.

Kazi iliyofanyika tunaiona. Tangu Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizi, na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017, inahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000. Mahali ambapo zamani viazi viliozea shambani, leo mnunuzi anafika. Ninalokuomba, Mheshimiwa, ni hili: barabara inapotengewa fedha, usalama wa wanaoipita uwe ndani ya fedha hizo hizo tangu siku ya kwanza.

Barabara ikiwa mbovu, fuso hujikongoja. Ikishachongwa, fuso ile ile inapita kwa kasi katikati ya kijiji. Tena greda likimaliza kazi, mara nyingi huacha ukingo wa udongo kila upande wa njia. Mtembea kwa miguu hana tena pa kukwepea, maana nyuma ya ukingo kuna mtaro na mbele yake kuna gari. Gari likija, watoto hugeuza nyuso upande wa mtaro na kuziba pua kwa kola za masweta, vumbi likawafunika. Gari la pili likifuata kwa karibu, dereva wake haoni mtoto wala kona. Hayo ni ya kiangazi. Msimu wa baridi ukungu unachukua nafasi ya vumbi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu akigongwa na gari linalokwenda kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni takriban mara nne na nusu ya ile ya kugongwa kwa kilomita 50. Sheria yetu inataka mwendo usizidi 50 kwenye makazi. Lakini askari wa usalama barabarani wako barabara kuu, na kijijini hakuna hata kibao cha kumwambia dereva kwamba ameingia penye watu.

Ndiyo maana mtoto akigongwa, wananchi hawasubiri mtu. Jioni hiyo hiyo hutoka na majembe wakaweka matuta yao wenyewe ya kupunguza mwendo, mengine ya mawe, mengine ya magogo yaliyofukiwa nusu. Siwalaumu hata kidogo, wana uchungu wa mtoto. Ila tuta hilo halina alama wala rangi, na bodaboda mgeni anayepita usiku analiona likiwa tayari chini ya tairi. Mvua zikija, linazuia maji na kuikata barabara. Kijiji kinajaribu kuokoa maisha kwa zana kilizo nazo, wakati mhandisi mwenye ujuzi yupo makao makuu ya wilaya.

Naomba kabla zabuni haijatangazwa, mhandisi huyo aitembee njia nzima kwa miguu pamoja na mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu na kiongozi wa bodaboda. Watamwonyesha panapovukwa na watoto, gulio linapomwagikia barabarani, na kona iliyofunikwa na nyasi. Matuta sahihi, vibao, na njia ya waenda kwa miguu karibu na shule na zahanati viandikwe kwenye mkataba, na mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka viwepo. Nyasi za kwenye kona zifyekwe na vikundi vya wanakijiji kwa malipo, mara kadhaa kwa mwaka.

La pili ni mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Vijana wengi huichukua ili wanunue pikipiki, na ni jambo jema. Basi pikipiki inayonunuliwa kwa fedha za umma isikabidhiwe kwa kijana asiye na mafunzo na leseni, na gharama za mafunzo ziingizwe kwenye mkopo. Pikipiki iende na kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria. Kofia bora hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara sita. Hili, kwa maoni yangu, linaweza kuanza kwa waraka tu kutoka ofisini kwako.

Kisha kuna majeruhi. Wengi bado wanaamini lazima waanzie polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ndipo watibiwe, na kituo kiko mbali, kwa hiyo mtu anapakiwa kwenye pikipiki nyingine akivuja damu. Mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, umetuonyesha njia: kwa ajili ya mjamzito inapigwa simu bure namba 115, na dereva wa jamii aliyesajiliwa anamfikisha hospitali kwa malipo ya serikali. Madereva hao hao wako kijijini. Naomba Wizara ya Afya na ofisi yako mkae pamoja muone jinsi majeruhi wa ajali nao watakavyobebwa. Na kila ajali iandikwe kwenye daftari la mtendaji wa kijiji, hata ile ambayo haikufika polisi, ili mhandisi ajue pa kuanzia mwakani.

Mwongozo wa bajeti ijayo utakapokwenda kwenye halmashauri na TARURA, tunaomba uwe na kifungu cha usalama chenye fedha zake, zisizoweza kuhamishiwa kazi nyingine.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mzazi, mkoani Iringa