Risala ya kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mheshimiwa Sheha wa shehia yetu,
Maafisa mifugo, walimu wa skuli zetu, wazee, kina mama na vijana,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama kwenye uwanja huu, hatua chache kutoka msitu wa Jozani. Tunakushukuru na wewe, mgeni rasmi, kwa kukubali mwaliko wa watu ambao barua yao ilikufikia ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Tunajua umefanya kazi kwa miaka mingi katika mipango ya nchi nyingi ya kutokomeza wadudu wa mifugo. Kwa hiyo tumeona tusikuchoshe kwa historia ya kikundi, ambayo ni fupi: tulianza kwa kuchangiana pesa za dawa na majani, sasa tunakusanya maziwa pamoja na kuyauza pamoja. Wengi wetu ni kina mama. Historia ndefu tunayotaka kukusomea leo ni ya mbung'o, nzi anayefyonza damu.

Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, ambaye wataalamu humwita Glossina austeni. Ndugu zetu wa Pemba hawakuwa naye. Huyu wa kwetu hakupenda uwanda. Alikaa vichakani na kwenye msitu mzito, akafyonza damu ya nguruwe pori na paa, na ng'ombe akipita akamfyonza naye. Akimuuma humwachia vijidudu vya ugonjwa wa nagana. Ng'ombe hushikwa na homa za kuja na kuondoka, damu hupungua, manyoya husimama, hukonda huku anakula, na mwenye mimba huitoa. Ng'ombe wa kienyeji huweza kujikokota na hali hiyo kwa muda. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa hana uvumilivu huo. Ndiyo maana wazee wetu wakiambiwa habari ya kufuga ng'ombe wa kigeni sehemu hizi, walicheka.

Kazi ya kumpunguza ilianza kwa dawa. Ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni, na vitambaa vyenye sumu vikatundikwa njiani mwa mbung'o. Mbung'o walipungua sana lakini hawakwisha, na sababu yake anaijua kila aliyewahi kuingia Jozani: mule ndani hakuna ng'ombe wa kupakwa dawa, na kitambaa hakionekani mbali. Dawa ina udhaifu huo. Mbung'o wakiwa wengi inawakuta, wakibaki wachache inawapotea.

Hapo ndipo ilipokuja njia ya madume tasa, yaani kuachia porini madume ya mdudu yule yule yasiyoweza kuzalisha. Chanzo chake ni Marekani, kwa wataalamu wawili, Edward Knipling na Raymond Bushland, waliokuwa wakipambana na nzi ambaye funza wake hula nyama ya mnyama angali hai. Mwaka 1954 njia hiyo ilimmaliza nzi huyo kwenye kisiwa cha Curaçao. Kwetu ilianza 1994, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa wakishirikiana na serikali zetu.

Wanafunzi waliopo hapa wametuomba tuieleze kwa Kiswahili cha nyumbani, na tunafanya hivyo. Jike wa mbung'o hatagi mayai. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha humo humo, na humzaa kila baada ya siku tisa au kumi. Buu hujifukia mchangani. Kwa hiyo uzazi wake ni wa taratibu mno kwa mdudu. Tena kwa kawaida jike hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume tasa, basi ukoo wake umekatika. Na tofauti na sumu, dume halihitaji kuelekezwa: litamtafuta jike hata kama amebaki mmoja nyuma ya mizizi ya mkoko.

Madume hayo yalizalishwa Tanga, kwenye kituo cha utafiti wa mbung'o. Mbung'o walifugwa humo hadi majike yakakaribia milioni moja, wakilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba ulioigizwa kama ngozi. Fikiria, mgeni rasmi, watu wanaoamka alfajiri kwenda kuwalisha mbung'o damu, wakati nchi nzima inawachukia. Sisi tunaokamua ng'ombe saa kumi za usiku tunawaelewa. Madume yakapigwa mionzi ya gama ili yawe tasa, yakavushwa bahari, yakamwagwa kutoka kwenye ndege ndogo wiki baada ya wiki. Mpaka mwisho wa kazi yalifika zaidi ya milioni nane.

Mzee mmoja wa kikundi chetu anakumbuka ndege hizo na vijisanduku vya karatasi vilivyoanguka shambani kwake. Anasema swali la kwanza kijijini lilikuwa: "Tumeomba watuondolee mbung'o, mbona wanatuongezea?" Lilikuwa swali la haki kabisa, kwa sababu dume la mbung'o nalo hufyonza damu. Jibu la wataalamu lilikuwa kwamba kabla ya kuachiwa, madume hulishwa damu iliyotiwa dawa ya nagana, ili yakiuma yasiambukize. Mzee anasema hakuridhika na jibu, aliridhika na kijana wa mifugo aliyekuja mara ya pili na ya tatu kulirudia, kwa miguu, bila kukasirika. Wewe uliyekaa na mawaziri na wakurugenzi utatuambia kama tunakosea, lakini sisi tunadhani kijana yule naye alikuwa akiongoza mpango wa kimataifa.

Sasa tunafika pale tulipotaka kufika. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, kwenye mbao za rangi zilizopakwa gundi. Ndege hazikusimama. Ziliendelea kumwaga madume hadi Desemba 1997, zaidi ya mwaka mzima, juu ya kisiwa ambacho hakuna aliyekuwa akikamata mbung'o wa porini tena. Mitego ilikaguliwa kila mara na kukutwa haina mbung'o wa porini. Kila ndege iliyoruka iligharimu mafuta, kila dume liligharimu damu na mikono ya watu wa Tanga, na bila shaka walikuwepo wenye kuuliza pesa hizo zinamtafuta nani. Kikundi chetu kimeyajadili haya zaidi ya kikao kimoja, kwa sababu sisi huacha dawa ya kupe mara tu kupe wakipungua, halafu tunashangaa. Kumaliza mbung'o wengi ni kazi inayoonekana na kupigiwa makofi. Kuwasimamia watu mwaka mzima wamtafute asiyekuwepo, hapo ndipo tunapouona uongozi.

Tunaelewa pia kwamba bahari ilitusaidia. Kati yetu na bara kuna kiasi cha kilomita 35 za maji, na mbung'o si mwogeleaji. Wakuu wa nchi za Afrika walipoamua Lomé mwaka 2000 kumtokomeza mbung'o barani, walijua kuwa huko bara msitu unavuka mpaka na nguruwe pori hawana pasi ya kusafiria. Na hata panapokuwa na kizuizi, mambo hugeuka. Yule nzi wa Amerika alifukuzwa hadi Panama na kuzuiwa huko kwa miaka mingi kwa madume tasa. Kuanzia 2023 alilivuka zuio, na Novemba 2024 alionekana Mexico. Tulipoisikia habari hiyo tuliangalia majahazi yanayoleta ng'ombe kutoka bara.

Kwa hiyo maombi yetu kwako ni matatu, nasi tumejitahidi yawe madogo.

La kwanza, utusaidie kuwafikia wahusika ili ratiba ya uchunguzi wa mbung'o katika msitu huu na bandari ndogo ijulikane kwa wafugaji, na vijana wetu wawili wafundishwe kutega na kumtambua. Vijana wengi hapa hawajawahi kumwona. Wakimwona leo watadhani ni chafuo.

La pili, darubini moja kwa afisa mifugo wetu, ili damu ya ng'ombe mwenye homa isomwe hapa hapa.

La tatu, chombo cha kupozea maziwa. Hili halihusiani na mbung'o, lakini kina mama wamesema nisipolisoma nisirudi nyumbani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, baada ya risala tunakuomba ufuatane nasi hadi banda lile lenye paa la makuti. Yupo mtamba mweusi mwenye madoa meupe, amezaa juzi, na mwenye ng'ombe angependa ndama apewe jina na wewe. Maziwa ya mtindi yapo tayari, na boflo la moto.

Tunaomba kuwasilisha.