Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano wa Australia: kasino isiyolipa nayo inakula

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Dandenong, kusini-mashariki mwa Melbourne. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Serikali yako hutoa matangazo yake kwa lugha hii, na shirika la utangazaji la SBS lina idhaa ya Kiswahili, kwa hiyo wa kukutafsiria hakosekani. Isitoshe, nataka barua hii isomwe kwanza na jamaa zangu wa Blacktown kule Sydney, Logan karibu na Brisbane na Mirrabooka kule Perth kabla haijafika Canberra, kwa kuwa jambo lenyewe liko mifukoni mwao.

Nazungumzia kasino za kwenye simu, zile zisizolipa: unanunua sarafu za kuchezea kwa dola halisi, lakini ukishinda hupewi pesa.

Mtaani kwetu, mtu akipata barua ya benki asiyoielewa huniletea mimi. Mwaka jana dada mmoja wa kwetu, anayefanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikuja na taarifa ya akaunti yake. Kodi ya nyumba ilikuwa imeshindikana kukatwa kwa sababu akaunti ilikuwa tupu, naye alidhani ameibiwa. Tukaanza kushuka mstari kwa mstari. Dola 2.99. Dola 7.99. Dola 14.99, kisha 14.99 nyingine usiku uleule, kisha 30.99. Kila mstari ulikuwa na jina la duka la programu za simu. Neno kasino halikuonekana popote. Nikamwuliza anachonunua. Akafungua simu akanionesha. Kwenye kioo kulikuwa na sanduku la dhahabu linalotikisika, saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, na tangazo kwamba mfuko wa sarafu uliokuwa dola 49.99 leo ni dola 14.99 tu. Juu yake cheo chake: mwanachama wa daraja la Almasi.

Nikamwambia, dada, hii ni kamari. Alishtuka kwelikweli, wala hakuwa anajifanya. "Kamari? Mimi naimba kwaya, kaka. Hapa hamna pesa, ni sarafu tu."

Mheshimiwa, jibu lake ndilo jibu la sheria yako.

Sheria ya Kamari ya Mtandaoni ya mwaka 2001 inauita mchezo kamari pale unapochezwa kwa pesa au kitu kingine chenye thamani, unapotegemea bahati, na mchezaji anapotoa malipo ili acheze. Kwa sheria hiyo, anayewapa watu wa Australia mashine za kasino mtandaoni kwa pesa taslimu anavunja sheria, na mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ACMA, imekuwa ikifunga tovuti za namna hiyo tangu Novemba 2019, zimeshapita 1,000. Hapo sina neno, kazi hiyo inafanyika. Lakini kasino ya sarafu za bandia inapita bila kuguswa, kwa hoja kwamba mshindi hatoki na kitu. Sarafu hazitolewi benki, hazitumwi kwa mama kule Kigoma, hazinunui hata mkate. Basi si kamari. Sheria inakagua kinachotoka, haiulizi kilichoingia.

Hebu tuziweke pamoja na zile mashine za kwenye baa na klabu, ambazo wenyeji wanaziita pokies na ambazo Mtanzania akiziona atasema ni dubwi tu lililopakwa rangi nzuri. Mimi si mtetezi wake. Nchi hii inapoteza zaidi ya dola bilioni 25 kwa mwaka kwenye kamari za kila aina, na mashine hizo zimebeba sehemu kubwa ya hasara hiyo. Hata hivyo zina mipaka iliyoandikwa. Hapa Victoria kila mashine lazima irudishe kwa wachezaji wastani usiopungua asilimia 87 ya pesa zinazochezwa. New South Wales ni asilimia 85. Dau la mzunguko mmoja kwenye klabu na baa za Victoria halizidi dola 5. Tangu Agosti 2024, kumbi za mashine katika jimbo hili, ukiacha kasino, hufungwa saa 10 alfajiri hadi saa 4 asubuhi. Mtu anaweza kuandikisha jina lake azuiwe kuingia.

Niseme hapohapo kwamba hiyo asilimia 87 isimdanganye mtu. Ni wastani wa maelfu kwa maelfu ya mizunguko, si ahadi kwamba ukiingia na dola 100 utatoka na 87. Kinachorudi unakichezesha tena, kinakatwa tena, na ukikaa vya kutosha unaliwa zote.

Kwenye simu mambo ni tofauti kabisa. Katika kila dola 100 anazoingiza yule dada, zinazorudi mfukoni mwake ni sifuri, leo, kesho na hata ngazi ya elfu. Hakuna mkaguzi wa serikali anayepima mzunguko wa picha zile. Kampuni ikitaka kumpa mgeni ushindi mfululizo wiki ya kwanza kisha imkaushe akishazoea, hakuna sheria ya kamari inayoizuia wala kuitaka iseme. Na saa 10 alfajiri, wakati klabu imefungwa, mtu aliyetoka zamu ya usiku yuko kitandani na simu iko wazi.

Kuna hoja ninayoijua, na ni ya kweli: wengi wanaocheza programu hizi hawalipi hata senti. Wanapitisha muda kwenye treni ya Pakenham, sarafu zikiisha wanafunga. Sina ugomvi nao. Ila biashara haisimami juu ya hao, inasimama juu ya wachache wanaonunua na kununua tena, na vyeo vya Almasi, zawadi za kila baada ya saa chache na ofa za dakika 9 vimetengenezwa kwa ajili yao. Kulinda kamari kwa kutaja wasiolipa ni kupigana changa la macho.

Niguse pia jambo la jamii yetu, maana sidhani kama lipo kwenye majalada yako. Waswahili wa hapa, wakiwa wametoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya au Tanzania, wengi ni watu wa msikiti au kanisa. Kamari kwao ni haramu, ni dhambi, ni aibu. Mama wa makamo hawezi kuonekana anaingia kwenye ukumbi wa mashine pale barabarani. Habari zingemtangulia nyumbani. Aibu hiyo imewakinga wengi. Programu hii imeipita aibu kwa nyuma. Haina mlango wa kuonwa ukiingia, haina mlevi pembeni, na imeandikwa kwamba ni mchezo wa burudani usio na pesa halisi. Yule dada asingekanyaga klabu hata kwa kufungwa kamba. Kwa hiyo nikisikia kwamba programu hizi hazina madhara kwa kuwa watu wanajua si kamari, naona ni kinyume chake: zinawafikia watu ambao neno kamari lingewakimbiza.

Wenzetu wa Perth ndio kioo kizuri zaidi. Western Australia imekataa mashine hizi kwenye baa na klabu. Ziko kwenye kasino ya Crown Perth peke yake. Mtu wa Mirrabooka anaweza kuishi miaka asikutane na mashine njiani kwake, na huo ni uamuzi wa jimbo unaostahili heshima. Simu imeufuta.

Tena usidhani picha hizo zinafanana kwa bahati. Aristocrat, kampuni kongwe ya Sydney iliyoanza kutengeneza mashine mwaka 1953, ilinunua kampuni ya michezo ya simu ya Product Madness mwaka 2012, na mwanzoni mwa 2018 ikakamilisha ununuzi wa Big Fish, kampuni nyingine ya michezo ya simu. Mashine yake iitwayo Lightning Link iko kwenye kumbi za klabu, na Lightning Link iko kwenye simu: mipira ileile, muziki uleule, kengele zilezile. Ni biashara halali, sikatai. Ila fikiria mtu aliyejiandikisha azuiwe kwenye klabu yake. Anarudi nyumbani akijipongeza, na mashine ileile aliyoikimbia inamsubiri kwenye simu, haina habari na orodha yoyote.

Na hapa ndipo nina malalamiko hasa, kwa sababu serikali yenu imefanya mambo mazuri na kuliacha pengo hili katikati yake. Agosti 2023 mlianzisha BetStop, orodha ya taifa ambayo mtu hujiandikisha ili azuiwe kucheza kwenye kampuni zote za ubashiri zenye leseni kwa mara moja. Kasino za sarafu hazimo. Juni 2024 mlipiga marufuku kadi ya mkopo kwenye ubashiri wa mtandaoni, mkasema mtu asicheze kwa pesa ambazo hana. Kasino za sarafu hazimo. Yule dada alikuwa ameanza kutumia kadi ya mkopo akaunti ilipokauka. Kampuni za ubashiri zinatakiwa kumpelekea mteja taarifa ya kila mwezi ya alichoweka na alichopoteza. Kwenye kasino za sarafu, mteja hukusanya mistari mmoja mmoja kwenye taarifa ya benki, iliyofichwa nyuma ya jina la duka la programu.

Mlifanya pia mabadiliko ya madaraja ya umri ya michezo ya kompyuta na simu. Kuanzia tarehe 22 Septemba 2024, mchezo wenye kamari ya kuigiza unapewa R18+, maana yake ni wa watu wazima tu. Niliufurahia uamuzi huo, kwa sababu ndani yake serikali imekiri kwamba mashine isiyolipa inaweza kumfundisha mtoto kamari. Lakini michezo iliyokwisha kupangiwa daraja kabla ya tarehe hiyo haikulazimika kupangwa upya isipobadilishwa. Na daraja halimsaidii mtu wa miaka 46. Ikiwa mnakubali kwamba kitu hiki ni hatari kiasi cha kumkataza kijana wa miaka 17, kwa nini akitimiza 18 kigeuke burudani isiyohitaji ulinzi wowote?

Mwaka 2018, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ya Marekani iliamua, katika kesi iliyohusu programu ya Big Fish Casino, kwamba chipu za bandia ni kitu chenye thamani kwa sheria ya jimbo la Washington, kwa sababu bila chipu huwezi kuendelea kucheza. Hawakuhitaji kuuliza kama zinabadilishwa kuwa pesa. Mwaka 2020 kesi hiyo na nyingine iliyoifuata zilimalizwa kwa makubaliano ya dola za Marekani milioni 155. Sheria yetu ya 2001 nayo inasema "kitu kingine chochote chenye thamani". Sikuombi usubiri mahakama za hapa zifike huko. Unaweza kuliandika Bungeni wewe mwenyewe.

Ninachoomba si kuzifuta programu hizi. Wanaocheza bure wacheze. Naomba pale tu mchezo wa kasino unapouza sarafu kwa dola, sheria iuhesabu kuwa kamari kwa mambo manne: usilipiwe kwa kadi ya mkopo, uingizwe kwenye BetStop, mteja atumiwe kila mwezi jumla ya alichotumia, na kabla ya kununua mara ya kwanza aweke kikomo ambacho hakiongezwi palepale. Hakuna jipya hapo. Matatu ya kwanza yanatekelezwa na kampuni za ubashiri sasa hivi, na kuhusu kikomo zinatakiwa kumpa mteja nafasi ya kukiweka. Maduka makubwa ya programu, ambayo hukata hadi asilimia 30 ya mauzo, yana kila uwezo wa kuandika neno kasino kwenye mstari wa benki. Hilo la mwisho lingetosha kumfungua macho yule dada miezi mingi mapema.

Na kwenu ndugu zangu mnaosoma hii kabla ya Waziri: fungueni historia ya manunuzi kwenye akaunti ya duka la programu, jumlisheni mwaka mzima, kisha zimeni manunuzi au wekeni nywila anayoijua mtu mwingine nyumbani. Anayetaka kuzungumza na mtu apige 1800 858 858, ni bure, usiku na mchana. Kama Kiingereza ni kizito, apige kwanza 131 450, aombe mkalimani wa Kiswahili, kisha aunganishwe na namba hiyo.

Wako,
Mkazi wa Dandenong, Victoria