Mama Aisha, tyubu haina kosa

Bahi, Dodoma
Mwezi wa tisa

Mpendwa Mama Aisha,

Salamu nyingi kutoka Bahi. Sisi hatujambo, ila upepo ndio umetukalia vibaya, unavuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kabati la vyombo. Nimefurahi kusikia Aisha amepata marafiki shuleni, na wewe umeacha kulalamikia maji ya chumvi. Habari ya pikipiki ndiyo imenifanya nishike kalamu badala ya kukupigia, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote.

Umesema fundi wa hapo kijijini alikubadilishia tyubu ya nyuma, haikupita wiki upepo ukatoka tena, akakuuzia nyingine, na sasa hiyo nayo imelala. Shoga yangu, tyubu haina kosa. Mwiba uliokutoboa mara ya kwanza huenda bado umekaa ndani ya tairi, unasubiri kila tyubu mpya inayoletwa. Na ukinunua pikipiki iliyotumika, ni nadra kukuta aliyekuuzia ameiacha na tairi la maana.

Huko Tanga ulizoea pancha ya msumari. Huku Ugogo ni miba. Angalia maboma ya ng'ombe hapo Mlowa, yamezungushiwa matawi ya migunga. Matawi hayo yanakokotwa njiani, yanadondosha miba, na njia hiyohiyo ndiyo unayopita kwenda shule. Mwezi ujao watu wakianza kuberega, yaani kusafisha mashamba kabla ya kulima, itakuwa balaa zaidi, kwa sababu vichaka vyote vinafyekwa na kutupwa pembeni. Mimi kazi yangu ni kushinda mashambani na wakulima, kwa hiyo msimu huo siondoki nyumbani bila pampu. Ipo pia mbigili, ile mimea inayotambaa kwenye mchanga. Tairi zima la pikipiki halijali mbigili. Likishakuwa kipara, hata mbigili inapita.

Ubaya wa mwiba ni huu. Msumari unaacha kichwa nje, unauona. Mwiba wa mgunga ukikanyagwa unakatika, kipande cha nje kinasagika barabarani, ncha inabaki imezama kwenye mpira. Ukipapasa tairi kwa nje hukuti kitu. Lakini tairi hujibonyeza kila linapogusa ardhi, hasa ukiwa umepakia mtu, na hapo ncha inachungulia upande wa ndani na kuidunga tyubu. Ndiyo maana pancha hizi hutoka polepole. Jioni unalaza pikipiki nzima, asubuhi unaikuta imekaa chini, na fundi anakuambia "tyubu feki".

Kwa hiyo siku akifungua tena, simama hapo. Kabla hajafungua, mwambie ateme mate kidogo kwenye mdomo wa valvu. Mate yakitoa povu, kinachovuja ni kile kipini cha ndani ya valvu, kinakazwa au kinabadilishwa na mmemaliza. Kama hakuna povu, ndipo atoe tyubu. Na kwa kiraka hana haja ya kung'oa gurudumu zima na kuhangaika na cheni na breki. Pikipiki inasimamishwa kwenye stendi kubwa, tairi linabanduliwa upande mmoja, tyubu inavutwa nje ikiwa bado imezunguka ekseli, inazibwa hapohapo. Gurudumu linang'olewa pale tu tyubu au tairi vinapobadilishwa. Wapo mafundi wanaopenda kung'oa ili kazi ionekane kubwa.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi, na wewe ulisimamie: tyubu ikitoka, waweke alama upande gani ulikuwa kulia na valvu ilikuwa wapi kwenye tairi. Kisha ijazwe upepo, tundu litafutwe. Wenye maji hutumbukiza kwenye karai. Huku ambako dumu la maji lina bei, ipitishe tyubu karibu na mdomo, kwenye ngozi ya juu ya mdomo hapo, utausikia upepo hata kama ni mwembamba kiasi gani. Ukishapata tundu, rudisha tyubu juu ya tairi kwa ile alama, na tundu litakuonyesha kipande cha tairi chenye mwiba. Hapo ndipo papapaswe kwa ndani. Usipapase kwa kidole kitupu. Tumia kitambaa chepesi au soksi kuukuu, uzi utanasa kwenye ncha. Mwiba usukumwe utoke kwa koleo au uchokonolewe kwa nje mpaka umalizike wote. Kisha endelea kuzunguka tairi lote, kwa sababu miba haiji mmoja mmoja. Tairi langu la mbele niliwahi kulikuta na ncha za miba pande zote, na ni moja tu iliyokuwa imefika ndani.

Ukikuta matundu mawili yamekaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka, hapo usitafute mwiba. Tyubu imebanwa kati ya ringi na jiwe kwa sababu ulipanda na upepo mdogo, au imebanwa na vyuma vya kubandulia wakati fundi anarudisha tairi. Tundu likiwa pale valvu inapoungana na tyubu, usikubali kiraka, hakishiki. Hapo nunua tyubu kwa moyo mweupe.

Kuhusu kiraka chenyewe, haraka ndiyo inayokiharibu. Tyubu inasuguliwa kwa msasa mpaka ule ung'avu upotee, inapanguswa, inapakwa solusheni, ile gundi ya viraka, tabaka jembamba lienee kupita ukubwa wa kiraka. Halafu anasubiri. Solusheni ikiwa bado inang'aa na kunata, kiraka kikibandikwa kinaelea juu ya maji, kitabanduka siku ya jua kali. Ingoje ififie, ukigusa pembeni kidole kisilowe. Na kwa upepo huu wa Dodoma mtu ageuze mgongo ukinge, vinginevyo anabandika kiraka juu ya vumbi. Kiraka kinabonyezwa kuanzia katikati kwenda kingoni, hewa isibaki chini.

Wakati wa kurudisha, tyubu ipewe upepo kidogo kwanza ili isijikunje. Sehemu ya ukingo wa tairi inayotazamana na pale anapomalizia ikandamizwe kwa goti izame katikati ya ringi, tairi litaingia lenyewe bila kulazimishwa na chuma. Valvu isukumwe juu kidogo, tyubu isije ikabanwa chini ya ukingo. Ile nati ndogo ya valvu isikazwe hadi kwenye ringi, iachwe juu karibu na kifuniko. Siku ukiona valvu imelala upande, ujue tyubu inateleza ndani kwa kukosa upepo, utawahi kabla haijachanika.

Sasa lililo kubwa. Angalia tairi lako la nyuma katikati. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, na ubavuni usawa wake mara nyingi pameandikwa TWI. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka, zikishuka hadi usawa wa vinundu hivyo, tairi limekwisha. Ukiona nyuzi, limepita kwisha. Najua kwa nini watu wanakimbilia tyubu, bei yake ni ndogo na tairi linauma. Lakini hesabu viraka, tyubu, na siku ulizosukuma pikipiki juani huku wanafunzi wakikusubiri, uniambie umeokoa nini.

Ukienda mjini kununua, usiseme "tairi la Boxer" ukaishia hapo. Soma ubavuni. Nyingi za aina yetu ni 2.75 mbele na 3.00 nyuma, huo ni upana kwa inchi, na namba ya pili ni ringi, 17 au 18. Ringi ndiyo isiyo na mjadala, la 18 halikai kwenye 17. Kisha tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Zikiwa 2323 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililotundikwa nje ya duka likipigwa na jua la hapa linapasuka vijistari hata kama halijawahi kukanyaga barabara, mimi silichukui hata likipunguzwa bei. Nunua na tyubu mpya ya saizi hiyohiyo, na mshale wa ubavuni uelekee linakozungukia gurudumu. Hili la mshale mafundi wengi hawaliangalii, kaa macho.

Upepo upimwe asubuhi kabla hujapanda. Kibandiko cha kiwanda kwenye pikipiki yako, kama hakijafutika, kitakuambia. Kwa hizi ndogo ni kama PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukimbeba Aisha na mabegi. Usimwache kijana wa pampu abonyeze kwa kidole gumba na kusema "imekaza". Nunua kipima upepo chako.

Ukipata pancha porini, usipande, hata kwa "mita chache". Washa, weka gia ya kwanza, tembea pembeni yake ikijivuta. Nimeona vijana wa bodaboda wanakusanya sehemu iliyotoboka na kuifunga fundo kwa kipande cha mpira, wanafika. Inasaidia ukiwa mbali kabisa, polepole, ila tyubu hiyo haitamaniki tena.

Nitakuwa Dodoma mjini mwisho wa mwezi, nina kikao, na nikitoka nitapita madukani upande wa Majengo. Nitumie namba zote zilizo ubavuni mwa tairi la nyuma, piga picha kabisa, nikuletee. Hela tutajuana. Na mwambie fundi asitupe zile tyubu mbili za zamani. Ukizijaza na kuzipitisha mdomoni utakuta tundu moja tu kila moja, na nina hakika yatakuwa sehemu ileile ya tairi.

Msalimie Aisha, na mwalimu mwenzako wa jirani.

Wako,
Yudith