Malalamiko kuhusu kozi yenu ya Kithai "kwa Waswahili"

Arusha,
14 Julai 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KOZI ISIYOLINGANA NA TANGAZO LAKE, NA MAKATO AMBAYO SIKUYARIDHIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa mawe ya vito, hasa spineli ya Mahenge na yakuti za Tunduru. Soko letu kubwa ni Thailand: Bangkok, na zaidi Chanthaburi, mji ambako mawe ya kila pembe ya dunia hufikishwa yachomwe, yakatwe na yauzwe. Waliokuwa Tunduru katikati ya miaka ya 1990 wanakumbuka jinsi Wathai walivyotufuata wenyewe hadi machimboni. Siku hizi sisi ndio tunaowafuata. Kule mnunuzi hukodi meza akakaa, muuzaji ndiye anayezunguka na vikaratasi vyake vya mawe. Bei utaandikiwa kwenye kikokotoo, hilo halina shida. Shida ni kwamba mnunuzi akishaweka jiwe lako kwenye lenzi, humgeukia mwenzake wakasemezana kwa Kithai, na biashara yote imo katika maneno hayo mawili matatu.

Ndiyo maana nilinunua kifurushi chenu cha mwaka kwa shilingi 420,000. Tangazo lilisema kozi imetungwa "maalumu kwa ajili ya Waswahili", na kwamba kwa dakika 20 kwa siku mtu ataongea Kithai ndani ya siku 90.

Nimeimaliza hatua ya kwanza yote na ya pili yote. Kozi hii haikutungwa kwa Waswahili. Imetungwa kwa Waingereza, kisha mtu akalipwa kuitafsiri bila kuulizwa lolote.

Somo la tatu linathibitisha. Ni somo zima la kumzoesha mwanafunzi kuanza neno kwa sauti ya "ng'", kama katika ngu, yaani nyoka, na ngoen, yaani pesa. Kuna video, kuna zoezi la kuweka ulimi, kuna sauti ya kututia moyo kwamba tusikate tamaa. Ndugu Meneja, huku kwetu mtoto wa miaka miwili anasema ng'ombe. Muda huo mngeutumia kwenye mambo yanayotushinda kweli.

Tunayoshindwa ni haya. Kithai hutofautisha "k" kavu na "k" yenye pumzi, "p" kavu na yenye pumzi, "t" kavu na yenye pumzi, na maandishi yenu ya Kirumi huonyesha pumzi hiyo kwa herufi "h". Kwa hiyo mmeandika "thao rai" kwa maana ya "bei gani", mkaishia hapo. Mswahili akiona "th" ataisoma kama ya thamani na thelathini, na "kh" ataisoma kama ya Khamisi. Wala hana kosa, ndivyo alivyofundishwa kusoma tangu darasa la kwanza. Hakuna mahali popote mlipoandika hata mstari mmoja kumwambia kwamba "th" hiyo ni "t" tu inayosukumwa kwa pumzi. Wazee wa pwani wanaitofautisha "p" kavu na yenye pumzi katika Kiswahili chao wenyewe. Mngemtafuta mmoja wao akawasaidia kwa dakika kumi, mngekuwa na somo ambalo hakuna kozi ya Kiingereza inayoweza kulitoa.

Vivyo hivyo mwisho wa maneno. Sisi tumezoea kumaliza kwa irabu. Kithai hufunga neno kwa "p", "t" au "k" iliyomezwa, haiachiliwi. Bila mazoezi, khrap, neno la adabu la kumalizia sentensi, kila mmoja wetu atalisema "khrapu". Mazoezi hayamo.

Sasa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, ambazo ndizo roho ya lugha yenyewe. Kithai kina toni tano na Kiswahili hakina hata moja, kwa hiyo hapo ndipo mlipotakiwa kukaa nasi zaidi. Nyinyi mmezitaja kwenye ukurasa mmoja, kisha katika masomo yote yaliyofuata mkaandika maneno bila alama yoyote ya toni. Matokeo yake katika kozi yenu "si" ni nne, na "si" ni rangi. Kwa muuza mawe hakuna maneno mawili anayoyahitaji zaidi ya hayo, na nimeyapata yakiwa yamefanana kama mapacha. Katika maandishi ya Kithai yenyewe hayachanganyiki kamwe: rangi ni สี, nne ni สี่, na kile kijialama kidogo juu ndicho kinachoishusha sauti. Hata mbali na karibu kwenu yote ni "klai".

Niliwauliza kwa nini herufi za Kithai zimewekwa hatua ya tano, ambayo hulipiwa zaidi. Mlinijibu kwamba herufi "zinawatisha wanaoanza". Konsonanti ni 44, na mbili kati ya hizo hazitumiki tena. Zimegawanywa katika makundi matatu, na kundi la konsonanti, urefu wa irabu, namna silabi inavyofungwa na alama ya juu ndivyo vinavyokuambia toni. Yaani toni imeandikwa ndani ya herufi. Mkiziondoa herufi mkatuachia maandishi ya Kirumi yasiyo na toni, mmetunyima kitu kile kile tulicholipia. Mwalimu ninayesoma naye sasa ameanza na herufi tangu siku ya kwanza na sijaona mtu aliyekimbia darasa.

Hesabu nazo. Masomo yenu yanaishia elfu moja. Chanthaburi nani anauza jiwe zuri kwa baht elfu moja? Kithai kina neno la elfu kumi, muen, na neno la laki, saen. Mwingereza hana laki, kwa hiyo lazima asumbuke. Sisi tunayo, tunaitumia sokoni kutwa. Saen ni laki, basi, somo limekwisha. Badala yake, laki ilipojitokeza kwenye zoezi la marudio, mmeiandika "elfu mia", vile vile Mwingereza anavyohesabu.

Na saa! Mmeweka onyo lenye rangi nyekundu kwamba saa za Kithai "zinachanganya sana". Saa moja usiku ni nueng thum, saa mbili ni song thum, huendelea hivyo mpaka saa tano, ha thum. Ni saa zetu hizi hizi. Katika toleo la Kiswahili mmeandika kwamba song thum ni "saa nane usiku", kwa sababu aliyetafsiri ameona nane kwenye maandishi ya Kiingereza akaiacha nane. Mtu akialikwa chakula cha jioni kwa maelekezo yenu atafika wenyeji wamelala.

Lingine nalisema haraka kwa sababu linanikera. Katika kila mazungumzo "mimi" mmeiandika phom na sentensi zinaisha kwa khrap. Hayo ni ya wanaume. Mwanamke husema chan au dichan, na humalizia kwa kha. Kiswahili hakitofautishi, kwa hiyo mtafsiri hakuona haja ya kusema. Mimi nikajitambulisha kwa madalali wa Chanthaburi kama bwana.

Kuhusu siku 90: dakika 20 kwa siku ni jumla ya saa 30. Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria Kithai wiki 44, takriban saa 1,100 za darasani. Sikutegemea miujiza, lakini tangazo lenu bado liko hewani na watu wanalipa.

Mwisho, makato. Mwezi uliopita mmekata tena 420,000 kwenye kadi yangu kwa ajili ya mwaka wa pili, ilhali nilisitisha kabla ya muda na ninao ujumbe wenu wa kuthibitisha. Barua pepe zangu zote zimejibiwa kwa sentensi ile ile kwamba mnathamini maoni yangu.

Ninaomba yafuatayo. Mrudishe fedha zote za mwaka wa pili, na nusu ya zile za mwaka wa kwanza. Mfute maneno "maalumu kwa ajili ya Waswahili" hadi yatakapokuwa kweli. Na wale ambao bado wako ndani ya kozi wafunguliwe hatua ya herufi bila malipo ya ziada, leo, kwa sababu wanaendelea kukariri maneno yasiyo na toni na itawagharimu kuyasahau.

Risiti zote mbili, ujumbe wa kusitisha na picha za masomo niliyoyataja nimeziambatanisha. Ninasubiri jibu la mtu, si la mashine, ndani ya siku 14. Nisipolipata nitapeleka jalada hili Tume ya Ushindani, FCC.

Wenu,
Mteja wa kifurushi cha mwaka, Arusha