Kabla hujafungua ponti: barua kwa mwanangu aliye Likasi

Mwanangu,

Sauti uliyonirekodia imenifikia hapa Katuba, na mama yako naye ameisikia. Usimruhusu mtu kufungua kwanza ponti ya hiyo pikipiki yako ya Virago, yaani lile sanduku la meno linalozungusha gurudumu la nyuma. Kabla hujabadili tairi pikipiki ilikuwa inakwenda kimya. Umelirudisha gurudumu, imeanza kukwaruza. Basi tutafute pale mikono yako ilipopita. Mafundi wengi wamezoea mnyororo; wakiona kardani, ule mhimili unaozungusha gurudumu badala ya mnyororo, kila mlio kwao ni ponti imekufa, na ponti ni bei.

Usiwashe injini. Inua nyuma, weka nyutro, uzungushe gurudumu kwa mkono. Litakuwa zito kidogo, hilo lisikutishe, maana linavuta na meno ya ponti na kardani. Likishika, likaachia, likashika tena, legeza nati ya kurekebishia breki. Limekuwa jepesi? Ulikaza breki mno. Pedali iache icheze sentimita 2 hadi 3 kabla haijauma. Halikubadilika? Legeza ekseli. Likijiachia hapo, angalia ile bushi fupi ya chuma inayokaa kando ya beringi: ama imebaki sakafuni, ama umeiweka upande usio wake.

Bushi zikiwa sawa, toa gurudumu upya, utazame meno yanayoingiana na ponti. Ukikuta unga mwekundu kama kutu, yalikuwa yanasagana makavu. Yafute, upake grisi nyeusi ya molibdeni, kidogo tu. Ikizidi itarushwa hadi kwenye ngoma ya breki, na breki yenye grisi ni kama huna. Meno yaliyochongoka hayaponi kwa grisi, hayo ndiyo yanayogonga “ko!” kila ukivuta mafuta. Unaporudisha, sukuma gurudumu huku ukilizungusha polepole mpaka ulisikie limetumbukia. Usilivute kwa nati ya ekseli, mwanangu. Likiwa halijaingia, nati italilazimisha na meno yataumia.

Halafu kukaza. Nati zinazoishikilia ponti kwenye mkono wa nyuma, ule unaobeba gurudumu, zilegeze kidogo, kaza ekseli kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, ndipo urudie zile za ponti. Ukianza na ponti, inaweza kukaa upande na gurudumu likabanwa hata kama kila kitu kipo.

Ile fimbo inayozuia sahani ya breki, ile inayofunika ngoma, isizunguke, hakikisha ina bolti yake na pini yake. Bila fimbo hiyo, ukikanyaga breki sahani inazunguka pamoja na gurudumu, na gurudumu linaweza kufunga ghafla. Barabara yenu ina malori ya shaba nyuma na mbele.

Mafuta ya ponti yapime pikipiki ikiwa imesimama wima: yafike kwenye mdomo wa tundu la kujazia. Ukiona vipande vya chuma ndani yake, hapo nitakubali ponti ifunguliwe.

Ukimaliza, zunguka mtaani taratibu, bila kugusa breki ya nyuma ila ikibidi. Simama, sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu, upande wa breki kisha upande wa ponti. Wikendi njoo kwa basi. Niambie ni upande gani ulikuwa na joto zaidi, na kama umekosa grisi nyeusi huko nikununulie hapa.

Baba yako