Yule towashi hakutoka Addis

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Jumapili mhubiri wetu katusomea Matendo 8 halafu akasema yule towashi wa malkia alikua anarudi zake Addis Ababa, watu wakaitikia amina, mi nikabaki nacheka kimoyomoyo maana Addis yenyewe imeanzishwa miaka ya 1880! Biblia yetu ya Kiswahili imeandika vizuri tu "Kushi", na Kushi ilikua Sudan ya leo, mji wake Meroe, kaskazini ya Khartoum, piramidi zake zipo mpaka kesho. Waliotuchanganya ni Wagiriki, mtu mweusi wa kusini ya Misri wao walimwita Aithiops, yani uso ulioungua, ndo likatoka jina Ethiopia linalotufanya tufikirie Addis, hebu fikiria mgeni anakupachika jina la rangi ya sura yako na linadumu miaka zaidi ya 2000, wakati Wamisri walishasema Kushi zamani sana kabla yao.

Na Kandake, yule malkia wa towashi humo humo Matendo 8, nae sio jina la mtu jamani, ni cheo, kama Farao tu. Kuna katoto mtaani kwetu kanaitwa Kandake, yani wazazi wamekaita Malkia bila kujua.

Msomaji wenu, Morogoro