Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Albania: wavuta iso wasisahaulike

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima tunakuandikia kuhusu watu ambao hawatajwi sana katika nyimbo za kusini mwa nchi yako: wale wanaovuta iso, yaani sauti moja ndefu inayoshikiliwa chini ya waimbaji wanaoongoza. UNESCO iliutambua uimbaji huu mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Ombi letu ni moja: fedha za kuulinda zipewe kikundi kizima, si mwimbaji mmoja mmoja.

Sababu imo ndani ya wimbo wenyewe. Marrës, mwongozaji wa kwanza, huanza; kthyes, mwongozaji wa pili, humjibu. Walabi, jamii mojawapo ya kusini, mara nyingine huongeza hedhës, mwongozaji wa tatu, sauti zikawa nne pamoja na iso. Iso hushikwa na wengine wote. Kwa Watoski, jamii nyingine ya kusini, huvutwa kwa irabu "e" bila kukatika, na siri yake ni pumzi: huyu anapopumua, mwenzake bado anavuta. Wakibaki wawili wakapumua pamoja, wimbo unatoboka. Waongozaji hukosa pa kuegemea, hushuka kidogo kidogo, na ubeti wa mwisho unaishia chini ya pale ulipoanzia. Kwa Walabi iso mara nyingine hufuata maneno na mapigo, hivyo mtu wa kuazima kutoka kijiji cha Kitoski hazibi pengo kwa siku moja.

Tangu miaka ya 1990 vijana wengi wamehamia Tirana, Ugiriki na Italia. Katika harusi sasa kinanda hushikilia noti ile. Lakini kinanda hakimsikilizi mwimbaji: akisogea nusu ya nusu ya sauti, watu wangemfuata; chenyewe kinabaki palepale na kumfanya aonekane amekosea.

Kurekodi nako kuna mitego. Maikrofoni moja mbele ya marrës huiacha iso ikivuma kwa mbali. Kisha programu ya kusafisha kelele, ikiona sauti isiyobadilika, huidhania kuwa kelele na kuifuta! Tunashauri maikrofoni moja kwa kila mwongozaji, mbili kwa wavuta iso na mbili za kunasa ukumbi. Wasimame nusu duara, bega kwa bega. Wasitenganishwe vyumba, wala sauti zao zisinyooshwe zilingane na kinanda.

Tamasha la nyimbo na ngoma za asili la mji wa Gjirokastër, lililoanza mwaka 1968, tunalithamini sana. Ila kutoka lile la 2015 hadi la 2023 ilipita miaka minane, na mzee wa miaka 75 hana muda huo. Tunaomba nauli ya kikundi kukutana kila mwezi, na posho kwa mzee atakayewafundisha vijana wanne wanne, iso kwanza, sauti za juu baadaye. Kazi ianzie vijiji vilivyobakiwa na wavuta iso wawili au watatu, kabla ya baridi kufunga njia za milimani.

Wako katika kazi,
Wapenzi na warekodi wa nyimbo za iso